Madoa ya Bohari ya Chumvi

Ilikuwako nchi, na iko bado, msiniulize iko upande gani wa ramani, iliyopenda usafi kuliko ilivyopenda kula. Iliitwa Jamhuri ya Mtakato. Waziri wa Chakula wa nchi hiyo alikuwa na chumba kimoja nyuma ya posta, lakini Waziri wa Muonekano wa Taifa alikuwa na jengo la ghorofa saba, na ghorofa ya saba ilikuwa ya vioo vitupu, ili kila mtumishi ajitazame kabla hajagusa faili. Mwananchi akikutwa na tope viatuni alipelekwa kituoni kuoshwa. Akikutwa na njaa aliambiwa anawe mikono, maana hatua ya kwanza ya kula ni kunawa, na Serikali haiwezi kuruka hatua.

Katika nchi hiyo, pale Njiapanda ya Malori, aliishi mwanamke mmoja jina lake Stamili binti Ngwale. Alikuwa mjane anayekaribia miaka hamsini, mrefu, mkimya, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama vya mtoto aliyesahauliwa kwenye beseni. Kazi yake ilikuwa kuosha malori kwa mashine ya presha.

Mashine yenyewe ukiitazama haikutisha: injini ya petroli ya ukubwa wa mbuzi aliyelala, magurudumu mawili, mpira mweusi mrefu, na bunduki ya chuma mwishoni mwa mpira. Ila ilipoanza kuunguruma, tope la safari ya siku tano lilidondoka kwenye chasisi ya lori kama ngozi ya nyoka. Stamili aliosha nayo malori, akaosha sakafu ya soko la samaki, mazizi ya ng'ombe, makaburi ya matajiri yaliyoota ukoga, na mara mbili alizibua nayo mtaro uliowashinda wahandisi wa manispaa.

Madereva wageni walizoea kumuuliza, "Mama, unaweka dawa gani humu? Maji gani haya yanang'oa hata lami?"

"Maji ni haya haya mnayokunywa," Stamili aliwajibu. "Humo ndani mna pistoni tatu, zinapokezana. Hii ikivuta maji kutoka kwenye tangi, ile inayasukuma. Yakisukumwa yanakimbilia mbele, na huko mbele yanakuta tundu dogo kama la sindano. Sasa wewe, nyuma umesukumwa na watu mia, mlango ni mmoja tena mwembamba, utatokaje? Utatoka kwa hasira."

Tundu hilo yeye aliliita pua, na alikuwa nazo pua tano za rangi mbalimbali. Nyeusi ilitoa sabuni. Nyeupe ilitandaza maji kama upepeo. Ya kijani ilikuwa ya magari, na ya njano ilikuwa ya tope sugu na rangi iliyochoka. Ya tano ilikuwa nyekundu. Hiyo haikutandaza kitu, ilitoa mchirizi mmoja mwembamba kama uzi, na uzi huo ulikata. Siku moja ulipita kwenye buti lake la mpira ukamchana mguu, naye hakujua mpaka alipoona buti limejaa damu. Tangu hapo hakuitumia kwa mzaha.

Stamili alizaliwa na kaka mmoja tu, Shomvi. Shomvi alikuwa karani wa barakoa: si barakoa ya usoni, ni jina la lile turubai alilotandika sokoni, akakaa chini yake na meza na wino, akiwaandikia barua watu wasiojua kusoma. Miaka ishirini na miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, chumvi iliadimika nchini. Shomvi na watu wengine arobaini wakaenda Bohari ya Chumvi kuuliza kwa adabu chumvi imekwenda wapi. Walifunguliwa lango kwa heshima zote. Wakaambiwa waingie ndani, wasikilizwe. Wakaingia.

Kesho yake Serikali ilitangaza kwamba watu wale wamesafiri. Haikusema wapi, kwa kuheshimu faragha ya wasafiri. Kila familia ilipewa Kibali cha Kuwa Safarini, cha kuhuishwa kila mwaka, na matanga yakapigwa marufuku, maana ni uchuro kumlilia mtu aliye safarini. Mama yake Stamili alikufa akiwa kwenye foleni ya kuhuisha kibali cha mwaka wa tisa. Na kwa kuwa watu wenye vichwa vigumu waliendelea kuitaja idadi ya wasafiri, namba arobaini na moja iliondolewa katika hesabu za Jamhuri. Watoto shuleni walihesabu arobaini, wakavuta pumzi, wakasema arobaini na mbili.

*

Sasa Serikali iliamua kuigeuza Bohari ya Chumvi kuwa hoteli. Lilikuwa jengo imara la mawe, lenye ua mpana wa ndani uliozungukwa na kuta nne, na Waziri wa Muonekano alisema hakuna mahali pengine nchini penye utulivu kama pale. Ikaitwa Hoteli ya Utulivu. Mfalme wa Visiwa vya Mbali, rafiki mkubwa wa Mtakato, alialikwa aje aifungue na kula chakula cha mchana uani.

Zilipobaki wiki sita, madoa yakatokea.

Yalitokea kwenye ukuta wa mashariki wa ua, saa sita mchana, jua likiwa utosini na kila kitu kimekosa kivuli. Yalikuwa madoa ya kijivu, marefu kwa kimo cha mtu, yamesimama bega kwa bega. Moja lilikuwa na kitu kama kikapu kichwani. Moja lilikuwa fupi, limeegemea lililo pembeni yake. Ikifika saa saba yalififia, kesho yake saa sita yalirudi, na kila siku yalisimama mahali pale pale. Mafundi waliokuwa wakiweka mapazia walianza kuomba ruhusa ya kwenda kuzika, kila mmoja na msiba wake, mpaka hoteli ikabaki haina fundi.

Tume ya Wataalamu iliundwa. Baada ya siku tisa ilitoa ripoti kwamba yale si maumbo ya watu, ni unyevu wenye tabia ya kusimama. Idadi yake haikutajwa, kwa sababu namba inayohusika haikuwepo. Zimamoto wakaletwa na magari mawili. Wakaumwagia ukuta maji tangu asubuhi, na saa sita madoa yakasimama kwenye maji yale kama watu kwenye mvua. Ndipo akaitwa Fundi Chipeta, mpaka rangi wa Serikali tangu enzi za Rais wa kwanza, mzee mwembamba aliyekuwa akitetemeka mikono. Chipeta aliupaka ukuta ule mara kumi na moja. Rangi ilikauka saa tano. Saa sita wakawa wameshasimama tena.

Waziri wa Muonekano, Mheshimiwa Daktari Kalokola Tindwa, alikuwa mtu mnene, mwenye harufu ya limau, ambaye hakuwahi kugusa kitasa cha mlango kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kumi kabla ya sherehe gari lake lilipita Njiapanda ya Malori. Akaona mwanamke analenga bunduki kwenye lori la simenti, na simenti iliyoganda miaka inaruka vipande. Akasimamisha msafara.

"Mama," alisema kupitia kioo kilichofunguliwa kidole kimoja, "mtambo wako huo unaweza kuondoa doa ukutani?"

"Inategemea doa, Mheshimiwa. Doa la juu linaondoka. La ndani inabidi uondoe na rangi iliyolifunika."

"Basi ondoa rangi."

"Ukuta gani?"

Waziri alitazama kulia na kushoto. "Bohari. Uani."

Stamili alikuwa ameshika triga ya bunduki yake. Akaiachia. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kuruhusiwa kufika hata hatua mia kutoka kwenye lango lile; kulikuwa na kamba na askari. Alihisi ubaridi ukimpanda toka kwenye nyayo, juu ya buti, juu ya magoti, na jua lilikuwa kali la saa nane.

"Mbona mashine inaendelea kunguruma na maji hayatoki?" Waziri aliuliza, kwa sababu alipenda kuonyesha kwamba anafuatilia.

"Nimeachia triga, Mheshimiwa. Maji yamekosa pa kutokea, sasa yanazunguka humo humo kwenye pampu. Dakika mbili tatu haidhuru. Zaidi ya hapo yanachemka, yanayeyusha sili, ile mipira ya kuziba maji, na pampu inakufa." Aliinama akaizima injini. "Mashine hii haiharibiwi na kazi. Huharibiwa na kunyamazishwa huku inaunguruma."

"Maneno mazuri sana," Waziri alisema, akamwamuru katibu wake ayaandike kwa ajili ya hotuba.

*

Kwa jinsi vikao vya maandalizi vilivyokuwa vingi, kazi yenyewe ilipangwa siku ile ile ya sherehe. Saa moja asubuhi Stamili aliingiza mashine yake katika ua wa bohari, akiikokota kwa magurudumu yake mawili. Alitarajia kulia. Hakulia. Aliona tu ua uliofagiliwa, meza ndefu yenye kitambaa cheupe, bendi ya taifa ikipasha ngoma, na Fundi Chipeta amekaa juu ya ndoo yake kwenye kona, hamtazami mtu.

Akaunganisha mpira wa tangi. Akabana triga kabla ya kuwasha, ili hewa itoke na maji yaje mfululizo. Akafunga pua ya njano, akavuta kamba ya injini. Alianza mbali, urefu wa mikono miwili, akilaza bunduki upande, kisha akasogea taratibu hadi rangi ilipoanza kunyanyuka.

Rangi kumi na moja za Chipeta zilitoka kama maganda ya kitunguu. Chini yake ikaonekana rangi ya kijani na maandishi makubwa ya enzi za Rais wa tatu: NG'ARA AU NG'OKA. Hapo pakatokea shida ya kisheria. Katiba ya Mtakato ilisema maneno ya Rais yeyote yakionekana hadharani watu wasimame wima na wimbo upigwe. Sheria mpya ilisema atakayeheshimu maneno ya Rais aliyepinduliwa ni haini. Mheshimiwa Tindwa alifikiri upesi kama kiongozi, akaamuru watu wote wasimame kwa mguu mmoja, na bendi ipige nusu ya wimbo.

"Endelea, Mama, haraka!" alipiga kelele, akiyumba.

Chini ya kijani ilikuwa rangi ya bluu na Rais wa pili: JASHO KWANZA, CHUMVI BAADAYE. Watu wakasimama tena kwa mguu mmoja. Chini ya bluu palikuwa na chokaa nyeupe isiyo na neno lolote, na chokaa hiyo ilipoanza kutoka, maji yaliyokuwa yakitiririka kuelekea kwenye mtaro yalibadilika rangi. Yalikuwa mekundu yenye weusi.

"Kutu," alisema Waziri.

"Ukuta ni wa mawe, Mheshimiwa," alisema katibu wake.

"Andika kutu."

Katibu akaandika kutu. Stamili aliachia triga, akasogea karibu na ukuta, akaupangusa kwa kiganja. Kwenye plasta ya zamani, kwa kimo cha kifua cha mtu, palikuwa na mikwaruzo. Msumari, au kijiwe, au kifungo cha chuma. Mikwaruzo ilikuwa herufi. Akapangusa tena. *Mwanakheri Saburi.* Chini yake, *Petro Ligonja.* Chini yake, *Mama wa Hidaya, jina lake Siwema.*

Majina yaliteremka kwa safu nne, yamepangwa kwa unadhifu kama daftari la shule. Mwandiko ulikuwa mmoja tu. Kila herufi ya *g* ilikuwa na mkia uliokunjwa mara mbili, mkia uliomfanya mtoto mmoja achapwe na mwalimu kila wiki kwa maringo. Mtoto huyo alimfundisha dada yake kusoma kwa mkia huo huo.

Stamili aliweka kidole kwenye mkia mmoja, akakiacha pale.

"Bi Stamili." Ilikuwa sauti ya Fundi Chipeta. Alikuwa amesogea nyuma yake bila kusikika. "Usiligeukie kundi. Nisikilize huku unatazama ukuta."

"Ulikuwepo," alisema Stamili.

"Nilikuwa nje ya lango na ndoo za chokaa tangu asubuhi. Niliambiwa nisubiri, kuna ukuta wa kupaka. Niliwasikia. Walipojua hakuna atakayewasikiliza, mmoja akaanza kuwaandika. Walimwita karani. Kila mtu alikwenda kwake akataja jina, na yeye anauliza, 'Rudia, mama. Mwisho ni *a* au *e*?' Hakuwa na haraka, binti yangu. Watu wanalia, na yeye anauliza *a* au *e*."

"Halafu?"

"Alimaliza jina la arobaini. Kukawa kimya. Halafu ile sauti. Nilipoingia, plasta ilikuwa bado imelowa. Nikapaka. Nina watoto, nikapaka. Nimeupaka ukuta huu miaka yote, na kila saa sita mchana, hata nikiwa nyumbani kwangu kwenye sahani ya chakula, nasikia mtu ananiuliza, *a* au *e*."

Stamili alisoma safu zote nne tangu juu hadi chini, kisha akarudia. Majina yalikuwa arobaini. La Shomvi halikuwemo.

*

Mheshimiwa Tindwa alikuwa amekaribia hatua kumi, akaona. Harufu yake ya limau iligeuka ya jasho.

"Hayo ni nini?"

"Majina, Mheshimiwa."

"Mtakato hakuna majina ukutani. Majina yako kwenye vitambulisho. Futa."

"Yamekwaruzwa kwenye plasta. Rangi haitayafunika; siku yoyote—"

"Sikukuomba maelezo, nimekuomba usafi! Mfalme anaingia saa saba. Unacho kitu cha kukata?"

"Ninacho," alisema Stamili.

"Kata basi. Kwangua mpaka kwenye jiwe."

Akaenda kwenye sanduku lake, akafungua kitambaa, akatoa pua nyekundu. Mikono yake ilikuwa imetulia, jambo lililomshangaza yeye mwenyewe. Aliifunga kwenye bunduki, akavuta kamba ya injini, akasimama karibu na ukuta kuliko alivyowahi kumruhusu mtu yeyote kusimama.

Mchirizi ulipogusa plasta, ukungu mweupe wa maji ulilipuka ukamfunika, yeye na ukuta. Bendi ilirudi nyuma kuokoa ngoma. Waziri alijikinga kwa faili. Kutoka walipokuwa waliona wingu tu, na ndani ya wingu kivuli cha mwanamke kinachokwenda polepole tangu kushoto hadi kulia; Waziri akaridhika, akasema, "Ona mtu anayefanya kazi."

Naam, alikuwa akifanya kazi. Alikuwa akifuata mikwaruzo. Uzi wa maji uliingia katika kila herufi ukaichimba hadi ndani ya jiwe, kina cha pingili ya kidole, na Stamili aliupitisha juu ya mwandiko wa kaka yake kama mtoto anayeshikwa mkono afundishwe kalamu. *M. W. A.* Changarawe zilimpiga usoni. Alimaliza Mwanakheri Saburi, akashuka kwa Petro Ligonja.

Ikatimia saa sita.

Wakasimama. Ndani ya ukungu alikuwa pamoja nao, karibu kiasi cha kuwagusa. Maji yaliyokuwa yakishuka ukutani yaligawanyika yalipofika kwenye vichwa vyao, yakapita mabegani, yakaungana tena miguuni. Maumbo yenyewe yalibaki makavu. Alitaka kuachia triga akimbie. Ila alikuwa katikati ya jina la Siwema, mama wa Hidaya, na ni nani anayemwacha mtu katikati ya jina lake? Akaendelea. Alipoimaliza herufi ya mwisho, lile umbo fupi lililoegemea mwenzake lilianza kulowa, tangu utosini, mabega, kiuno, kisha maji yakapita hapo kama yanavyopita kwenye ukuta wowote.

Alielewa. Hakukimbia tena. Jina likiisha, mmoja analowa anakwenda. Aliyebeba kikapu alikwenda na jina la kumi na sita. Saa sita na nusu walibaki kumi. Kisha watatu. Kisha jina la arobaini likaisha, na umbo moja likabaki peke yake pembeni, limeinua mkono mmoja juu ya ukuta, kama mtu anayetafuta mahali pa kuandika na hapati.

"Nimekuona," Stamili alisema. Injini ilimeza sauti yake. "Subiri kidogo."

Chini ya safu ya nne, pale ambapo hapakuwa na mkwaruzo wa kufuata, alikata kwa mkono wake mwenyewe: SHOMVI NGWALE. Kwenye *g* alitaka kuukunja mkia mara mbili, ila alikuwa ameanza kwa herufi kubwa na *G* kubwa haina mkia. Akaiacha hivyo hivyo. Mwalimu hayupo.

Alipoachia triga, ukuta ulikuwa umelowa wote.

*

Ukungu ulipotulia, Waziri aliona kwanza kwamba madoa hayapo, akapiga makofi. Kisha akaona kilichopo. Alifungua mdomo, na hapo tarumbeta zikalia langoni, Mfalme wa Visiwa vya Mbali akaingia, na redio ya taifa nyuma yake ikirusha matangazo moja kwa moja hadi vijijini.

Mfalme alikuwa mzee sana na macho yake yalikuwa dhaifu, hivyo alizoea kujua vitu kwa kugusa. Aligusa kitambaa cha meza, akagusa shavu la Waziri, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wenye ubaridi. Vidole vyake vikaingia kwenye herufi. Akazifuata moja moja.

"Ni kazi nzuri hii," alisema, na mkalimani akatafsiri kwenye kipaza sauti. "Ni akina nani?"

Mheshimiwa Tindwa alikuwa amesoma shahada tatu, lakini hakuna hata moja iliyokuwa na jibu la swali hilo. "Ni... ni wageni, Mtukufu. Wageni wa kwanza wa hoteli yetu. Tunawaenzi."

"Wangapi?"

Mfalme akahesabu mwenyewe kwa vidole, safu kwa safu, na redio ikahesabu naye. "Arobaini na mmoja," alisema. Katika mabaraza na majiko ya nchi nzima, watu waliokuwa hawajaisikia namba hiyo kwa miaka ishirini na miwili waliacha walichokuwa wakifanya.

"Na wanaipenda hoteli? Bado wapo?"

"Wapo, Mtukufu," alisema Waziri, jasho likimtiririka kwenye kola. "Hakuna aliyelalamika."

Mfalme alifurahi. Aliomba ukuta ule usiguswe kamwe, kwa heshima ya wageni, na Serikali ikatoa ahadi hadharani. Stamili alivishwa nishani ya Usafi Daraja la Kwanza saa nane, na saa tisa akakamatwa. Alikaa rumande siku kumi na mbili. Wanasheria wa Serikali walitafuta kosa usiku na mchana, lakini sheria za Mtakato ziliadhibu uchafu kwa vifungu mia tatu, na hapakuwa na hata kimoja kilichokataza mtu kusafisha. Ikabidi wamwachie.

Alipotoka hakwenda nyumbani. Alikwenda hotelini, akakuta foleni. Ilianzia mapokezi ikatoka nje ya lango ikazunguka jengo: wajane, watoto waliokwisha ota mvi, akina mama waliobebwa kwa viti. Wote walikuwa wamesikia redio. Kama ndugu zao ni wageni wa hoteli, walikuwa wamekuja kuwasalimia. Na hakuna sheria inayokataza mtu kumtembelea mgeni hotelini. Askari walisimama pembeni na virungu vyao, hawajui wampige nani kwa kosa gani.

Stamili alifika mezani jioni jua likielekea kuzama. Dada wa mapokezi, binti mwembamba aitwaye Revina, alikuwa na macho mekundu.

"Namuulizia Shomvi Ngwale," alisema Stamili.

Revina alifungua daftari la wageni, ingawa wote wawili walijua halina jina hilo. Alipitisha kidole kwenye ukurasa mtupu. Kisha akainua uso.

"Aliingia, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Hajatoka."

Ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuondoka nyuma ya meza. Fundi Chipeta alikuwa amesimama mlangoni na sururu, na alipoanza kutembea watu wakamfuata; alipita uani, akapita jikoni, akafika chumba cha kufulia mashuka, ambako sakafu haikukauka tangu ilipowekwa. Akaonyesha kwa mguu. "Niliwaona wakifukia hapa," alisema, "hadi kule kwenye dirisha." Akapiga sururu ya kwanza mwenyewe.

Walichimba siku tatu. Mashekhe na mapadri walikaa pamoja kwenye ngazi wakijadili kama mifupa huoshwa au huzikwa tu, kisha wakaona watu wameshaanza kuchota maji, wakanyamaza, wakakunja mikono ya kanzu zao wakasaidia.

Alasiri ya siku ya tatu Serikali ilitoa taarifa. Mtu mmoja alikuwa na redio ndogo dirishani, na sauti ya Mheshimiwa Tindwa ikajaza chumba: kwamba wageni arobaini na mmoja wa Hoteli ya Utulivu wamehitimisha mapumziko yao na kuondoka wakiwa katika hali ya kuridhisha, na kwamba Jamhuri inawatakia safari njema.

Stamili alikuwa amepiga magoti mbele ya shuka jeupe la hoteli, kikombe cha maji mkono wa kulia. Alimwomba mwenye redio aizime. Alikuwa na mtu wa kuosha.